Oksijeni Inapozidi: Mishipa ya Jicho la Mtoto Njiti

REHEMA: Haya, tumerudi. Kaka Idi, leo nina swali la kina mama wa wodini. Mtoto njiti anawekewa oksijeni ili aishi. Inakuwaje oksijeni hiyohiyo imharibu macho?

IDI: Kwa sababu mishipa ya damu huota kwa kusukumwa na shida, dada. Mishipa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huanza kuota pale neva ya jicho inapoingilia, mimba ikiwa na wiki kama 16, ikaendelea kutambaa hadi pembezoni karibu na wiki ya 40. Eneo ambalo haijafika linakosa oksijeni, na seli za hapo zikikosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF. Hiyo ndiyo inayoiita mishipa.

REHEMA: Seli zinajuaje kwamba oksijeni ni haba?

IDI: Zina protini nyingine, HIF. Oksijeni ikiwepo ya kutosha, HIF inawekewa alama na kuvunjwa dakika hizohizo. Ikipungua, HIF inasalia na kuamuru VEGF itengenezwe. Wanasayansi Semenza, Ratcliffe na Kaelin walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kazi hiyo.

REHEMA: Na seli za mshipa wenyewe?

IDI: Hapo ndipo penye utamu. Seli iliyopata VEGF nyingi kuliko jirani zake inachomoza mbele, inatoa vinyuzi vyembamba vinavyopapasa njia. Papo hapo inawagusa wenzake kwa protini iitwayo Dll4: nyinyi bakini nyuma. Hao wa nyuma wanagawanyika, wanajenga bomba.

REHEMA: Kumbe seli nazo zina vyeo!

IDI: Tena vya kupokezana, leo huyu kesho yule. Damu ikianza kupita, seli zinapima msuguano wake. Tawi lenye mkondo linaimarika. Lisilo nao, seli zake zinahama, linajifia.

REHEMA: Sasa mrudishe njiti wangu.

IDI: Amezaliwa wiki ya 27, mishipa iko katikati ya safari. Tumboni oksijeni ilikuwa kidogo. Sasa anapewa nyingi. VEGF inashuka, mishipa inasimama, michanga mingine inakufa. Wiki zinapita, retina imekua, inahitaji oksijeni, na mishipa haipo. VEGF inafumka. Inaota mishipa ya vurugu, inayovuja, inayopanda hadi ndani ya ute wa jicho. Ikigeuka kovu, inaivuta retina na kuibandua.

REHEMA: Eh! Na madaktari waliligundua lini?

IDI: Daktari Terry wa Boston aliueleza ugonjwa huu mwaka 1942, chanzo hakijulikani. Daktari Kate Campbell wa Melbourne akaishuku oksijeni mwaka 1951, kisha jaribio kubwa la Marekani likathibitisha. Basi wakaibana oksijeni sana, na njiti wengine wakafa kwa kuikosa.

REHEMA: Huku kukwepa, huku kuua. Kwa hiyo mzazi asimwambie nesi atoe mpira puani.

IDI: Hata kidogo! Kinachotakiwa ni kipimo kile cha oksijeni ya damu kinachofungwa mguuni, na mashine ya kuchanganya oksijeni na hewa. Hapo ndipo wodi zetu nyingi zinapokwama: mtungi upo, kichanganyio hakuna. Na jicho kwa nje halionyeshi kitu, si jekundu, halitoi tongo. Wadogo sana hupimwa retina wiki chache tu baada ya kuzaliwa, na tarehe hiyo mara nyingi inaangukia mama ameshapewa ruhusa, yuko kijijini.

REHEMA: Akikutwa na ugonjwa huo?

IDI: Leza, au sindano ndani ya jicho. Leza inaunguza eneo lisilo na mishipa ili liache kutoa VEGF. Mtoto anapoteza uoni kidogo wa pembeni, wa katikati unaokolewa. Sindano, mfano bevacizumab iliyoanza kama dawa ya saratani, inaikamata VEGF yenyewe.

REHEMA: Mimi ningechagua sindano.

IDI: Wengi husema hivyo. Lakini dawa hiyo huvujia kwenye damu, na mapafu na ubongo wa njiti bado vinaihitaji VEGF. Tena ugonjwa unaweza kurudi miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo ukichagua sindano, hakikisha una nauli ya kurudi kliniki mara nyingi.