Ukitua Cusco, Usilale Cusco: Safari ya Peru Hatua kwa Hatua

Habari yako, ndugu mtazamaji, karibu. Video hii ni ya wewe uliyekwisha kata tiketi ya kwenda Peru: unatua Lima, unapanda Cusco, halafu Machu Picchu, magofu ya kale ya Wainka. Mengine nitayapitia haraka, kwa sababu lipo moja nataka tulikalie: mwinuko.

Tuanze nyumbani. Angalia hapa mezani: pasipoti, kadi ya manjano, adapta. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Hata kama huendi kwenye misitu ya Iquitos au Puerto Maldonado, beba kadi yako, maana Peru imo kwenye orodha ya nchi zenye homa hiyo, na siku ya kurudi maafisa wa afya wa uwanja wa nyumbani wanaweza kuidai. Adapta unaihitaji kwa sababu plagi zetu za meno matatu mapana haziingii kwenye soketi za kule. Na tiketi ya Machu Picchu nunua mapema sana. Idadi ya watu kwa siku ina kikomo, na mlangoni wanalinganisha jina la tiketi na la pasipoti, kwa hiyo liandike kama lilivyo.

Sasa umetua Lima. Ukitoka utasikia sauti nyingi zikikuita, "Taxi, amigo!" Usimfuate mtu. Agiza gari kwenye kaunta ya teksi iliyo ndani ya uwanja, au hoteli ikutumie dereva na ikupe jina lake na namba ya gari. Teksi za barabarani kule hazina mita, na zipo zisizosajiliwa ambazo zimewahi kumpeleka mgeni kwenye mashine ya kutolea fedha badala ya hotelini. Ukishaketi, pandisha vioo, simu iweke mfukoni. Mkazi wa Dar au Nairobi hahitaji kuelezwa: foleni imesimama, pikipiki inapita, mkono umeshaingia. Hata Miraflores, mtaa unaopendwa na wageni, simu isikae juu ya meza ya mkahawa. Akikujia mtu mwenye silaha, mpe anachotaka. Namba ya polisi ni 105, iandike kwenye karatasi, kwani simu ndiyo huibwa kwanza.

Utaona ukutani kibao cha kijani chenye herufi S. Hapo ndipo pa kusimama tetemeko likitokea. Kila hoteli unayoingia, kitafute kabla hujafungua begi.

Haya, tumefika kwenye lile zito. Lima iko pwani. Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndege inakufikisha kwa saa moja na dakika kidogo. Linganisha na Kilimanjaro: anayepanda kwa njia ya Marangu hulala kwanza kambi ya Mandara, mita 2,720, ndipo kesho yake aende kambi ya Horombo, mita 3,720. Anatembea, na mwongoza njia anamwambia pole pole. Wewe umeketi kwenye kiti, umekunywa soda, umeshushwa karibu na Horombo. Mwili haujajua kilichotokea, wala haujazoea hewa nyepesi ya huko juu.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukitoka uwanja wa Cusco, usiingie mjini. Panda gari uteremke Bonde Takatifu, ulale Urubamba au Ollantaytambo, ambako ni chini ya mita 2,900. Ni mwendo wa kama saa mbili. Kaa huko siku mbili, kunywa maji, kula chakula chepesi, pombe iache. Treni ya Machu Picchu unaipandia hapohapo Ollantaytambo, na Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430 tu. Cusco irudie mwishoni, mwili ukiwa umezoea. Ule Mlima wa Upinde wa Mvua, Vinicunca, unapita mita 5,000. Usikubali kuuzwa safari hiyo kwa siku yako ya pili, hata kwa bei ya kutupa.

Wenyeji huuita ugonjwa wa mwinuko soroche. Kichwa kinagonga, kichefuchefu, usingizi hauji. Ukiyaona hayo, usipande zaidi, pumzika. Lakini mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, au kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa ameketi tu, hapo msingoje asubuhi. Mteremsheni usiku huohuo na kumpeleka hospitali. Ipo dawa ya kinga, acetazolamide, ambayo huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Muulize daktari wako kwanza, hasa kama Septrin au Fansidar ziliwahi kukutoa vipele, maana dawa hii nayo ina asili ya salfa.

Fedha nitaisema kwa ufupi. Wanatumia sol, na noti bandia zipo. Tazama ninavyofanya: napapasa, namulika, nainamisha nione rangi ikibadilika. Ukipewa chenji, kagua papo hapo. Noti iliyochanika ikatae, maana na wewe utakataliwa nayo.

Kwenye ratiba yako acha siku mbili tupu kabla ya ndege ya kurudi. Desemba 2022 maandamano yalisimamisha treni, wageni wakakwama chini ya Machu Picchu, na Januari 2023 eneo lenyewe likafungwa kwa wiki kadhaa. Ukisikia neno *paro* au *bloqueo*, ujue barabara zinafungwa. Usimbembeleze dereva apite kwenye kizuizi, rudi hotelini. Kati ya Desemba na Machi mvua nayo huleta maporomoko ya udongo.

La mwisho, usiku wa kufunga mizigo. Hotelini utakuwa umenywa chai ya majani ya koka, ambayo kule ni halali kabisa, na huenda ukasahau majani mfukoni. Karibu kila nchi nyingine huyahesabu kuwa dawa za kulevya. Kung'uta mifuko ya koti, fungua zipu ndogo za begi, toa pakiti za chai zote. Na kama kazini kwako hupimwa mkojo, chai hiyo usiionje, kwa sababu huonekana kwenye kipimo. Kisha kadi ya manjano itie ndani ya pasipoti, ulale.