Protini Hii Inakaa Wapi? Mhadhara wa Lubumbashi

Wababa, wamama, ndugu wanafunzi, jambo yenu. Mmeniuliza kwa nini watu wanamaliza miaka wakitafuta protini moja imekaa kona gani ya ubongo.

Mwaka 1986 ilitoka Uingereza ramani ya seli za neva zote 302 za mnyoo mdogo, C. elegans, na jinsi zinavyoungana. Kazi ya kusifiwa. Lakini hata uwe nayo mkononi, huwezi kusema mnyoo utageukia wapi. Tazama nguzo za umeme pale Katuba: unaona waya umetoka hapa ukaingia pale, ila hujui kama mwisho wake ni taa au swichi.

Protini ndizo zinazosema. Kwenye sinapsi, yaani pale seli moja ya neva inapompa mwenzake ujumbe, seli mbili zimeachana kwa nanomita 20 hivi (nanomita ni mita moja ikigawanywa mara bilioni). Upande unaopokea, ukikuta protini inayoitwa PSD-95, hapo seli inachochewa. Ukikuta protini nyingine, gefirini, hapo inatulizwa. Na mahali pana uzito: sinapsi ya kutuliza iliyokaa kwenye kiwiliwili cha seli inaweza kuinyamazisha yote, lakini ikikaa mbali, mara nyingi inagusa tawi lake tu. Wauguzi mliopo, ile diazepamu mnayomchoma mgonjwa wa kifafa inafanya kazi kwenye vipokezi vya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza seli, upande huo wa kutuliza.

Kuziona protini hizo, unatumia kingamwili, kitu cha kinga ya mwili kinachoshika protini moja, imebeba rangi inayong'aa. Ila hadubini ya mwanga ya kawaida haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Kukwepa hilo, mwaka 2007 Micheva na Smith wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walikata ubongo vipande vyembamba mno, wakapaka rangi, wakapiga picha, wakaosha, wakapaka nyingine palepale. Mwaka 2015 kundi la Ed Boyden, wa chuo cha MIT huko huko Marekani, likakuza nyama ya ubongo yenyewe badala ya picha: waliijaza kemikali inayovimba kwa maji, ya jamii ileile inayonyonya mkojo kwenye pampasi, ikatanuka zaidi ya mara 4 kila upande. Niliposikia nilicheka. Kumbe inafanya kazi.

Kinachonikera ni kingamwili zinazodanganya, zinazoshika protini isiyo yake. Unazipima kwa panya aliyeondolewa jeni ya protini hiyo: rangi ikiwaka bado, tupa. Wengi hawapimi, na picha zao zinapendeza vilevile.

Haya, maswali. Mama pale nyuma, karibu.