Degedege Mbele ya Kamera

Assalamu aleikum, mabibi na mabwana.

Filamu nyingi za mganga na daktari huharibika mapema: mwandishi ameshaamua nani mjinga kabla ya onyesho la kwanza. Tuchukue degedege la mtoto mwenye malaria kali. Hospitalini ni malaria iliyopanda kichwani. Nyumbani ni pepo, na wenzetu Wamijikenda husema nyuni.

Mara nyingi degedege hukoma lenyewe baada ya dakika chache. Dakika hizo hizo bibi ametia ubani kwenye chetezo, mtoto amefukizwa, ametulia. Jamaa wote wameona kwa macho yao dawa ikifanya kazi. Usiwacheke. Mwache mtazamaji aamini pamoja nao, kisha kamera imrudie mtoto: hashiki ziwa, akiitwa haitiki. Vijidudu vingali damuni.

Makaa ya chetezo yawe mekundu, yaliyokwisha toa mwali. Ubani juu ya mwali huungua tu. Taa ikae nyuma ya moshi, ubavuni kidogo, kwani ikitoka mbele moshi hauonekani. Kombe nalo, yaani aya za Kurani za tiba, huandikwa kwa zafarani na maji ya waridi kwenye sahani nyeupe, huoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Lakini aliyezimia asinyweshwe kitu, hata kwa kuigiza, maana watu wataiga na maji yataingia mapafuni. Alazwe ubavu. Kijiko kisitiwe mdomoni.

Sasa wodini, ambako wengi huridhika na dripu na koti jeupe. Artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, ni unga, chupa ya miligramu 60. Muuguzi hutia mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, hutikisa mpaka iwe maangavu, ndipo huongeza mililita 5 za maji ya chumvi. Ikibaki na ukungu hutupwa. Mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 30, yaani mililita 3, mshipani; tena zikipita saa 12, na tena zikitimia saa 24 tangu ile ya kwanza. Mikono ikitikisa hiyo chupa, piga picha ya karibu sana: hapo daktari naye ana ibada yake. Asisahau kupima sukari, kwa sababu malaria kali huishusha, na sukari ikishuka degedege hurudi.

Wapo wazazi wanaoamini kwamba sindano humuua mtoto mwenye degedege. Imani hiyo ina chanzo: watoto wamefikishwa taabani, wakachomwa, wakafa muda mfupi baadaye. Baba anayeushika mkono wa muuguzi ana ushahidi wake, na mwigizaji aufahamu kabla ya kutamka neno.

Kama familia inatoka ng'ambo ya Likoni kwenda Makadara, hospitali kuu ya Mombasa kisiwani, msiiruke safari. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kungoja feri ndiko kunakokula muda. Rekodini sauti ya umati peke yake, bila maneno ya waigizaji, mpate ya kuiweka chini ya pumzi za mtoto. Na mganga awe kwenye foleni hiyo hiyo, ameshika mfuko wa nguo za mtoto, kwani waganga wengi huwapeleka wagonjwa hospitali.