Mtu Akizama Mpaka Shingoni, Moyo Unafanya Nini?

Haya jamani, tuendelee. Kumsoma mtu asiye na uzito bila kumpeleka angani, njia mojawapo ni kumweka kwenye maji mpaka shingoni, maji ya nyuzi 34 au 35 hivi, maana yakiwa ya baridi mishipa ya ngozi inajibana yenyewe na hapo hujui tena unapima nini.

Sasa angalieni miguu. Ukisimama nchi kavu damu nyingi inajikusanya huko chini, kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, za miguu na tumbo. Majini unabanwa, na kadiri unavyoshuka ndo unavyobanwa zaidi, kina cha mita moja tu ni kama milimita 74 za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu, hiyo inatosha kabisa kuzikamua vena, kwa hiyo kama mililita 700 za damu zinahamia kifuani, moyo unajaa na kila pigo linasukuma damu zaidi, karibu theluthi moja juu ya kawaida.

Na hapa ndo pananifurahisha mno. Damu haijaongezeka hata tone! Lakini vyumba vya juu vya moyo vikishavutika, mwili unaamini umejaa kupita kiasi, vinatoa homoni ya kuziambia figo zimwage chumvi, ubongo nao unapunguza ile homoni inayozuia maji yasitoke, basi mtu anakojoa kweli kweli hata kama hajanywa kitu.

Wasovieti miaka ya 1970 wakabuni njia ya kukaa muda mrefu, unalazwa juu ya shuka pana isiyopitisha maji, maji yanakukumbatia ila ngozi inabaki kavu. Siku chache tu plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu, inapungua sana, na ukitolewa ukasimamishwa wima moyo unaenda mbio, kizunguzungu, wengine wanataka kuzimia, kama wanaanga wakirudi duniani.

Ila nawaomba msiseme maji na anga ni kitu kimoja, sio kweli. Majini presha ya vena kuu karibu na moyo inapanda. Angani watu walitegemea ipande pia, walipoipima wakakuta imeshuka, na moyo bado umejaa! Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kule hakuna kinachokandamiza kifua, kinatanuka, moyo unajaa kirahisi.

Halafu kuna Benoît Lecomte, muogeleaji wa masafa marefu, 2018 aliogelea bahari ya Pasifiki kwa siku 159, masaa kibao kila siku. Ungetegemea moyo wake unenepe. Ulipungua, na kasi ya kupungua ilikaribiana sana na ya Scott Kelly, mwanaanga wa Marekani aliyekaa karibu mwaka mzima kwenye kituo cha anga, kwa sababu mtu akiwa amelala kifudifudi majini moyo hauna kazi ya kupandisha damu, na kuogelea taratibu hakukutosha kufidia pengo hilo.

Nani ana swali?