Mwezi wa Mtihani na Mwezi wa Mikindani

Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa sekondari, Mtwara, jioni ya tarehe 19 Oktoba

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee mliokaa mbele. Na ninyi wa kidato cha nne mliojibanza kule nyuma, marahaba, ingawa hamjaniamkia.

Nimeombwa nizungumzie somo la elimu ya anga mashuleni, na nimepewa dakika arobaini. Nyingi zitaishia kwenye kivuli cha fimbo, kwa hiyo msinishangae.

Nianze na binti mmoja niliyemfundisha fizikia zamani kidogo. Nilimwita ubaoni achore mwezi mwandamo. Akachora kitu kama ukucha uliosimama wima, pembe moja juu, nyingine chini. Nikamuuliza, jana magharibi hukuuona mwezi? Akasema aliuona, walikuwa wote ufukweni Mikindani wanaungoja. Ulikaaje? Akaunganisha viganja viwili kama mtu anayekinga maji: ulikuwa umelala hivi, mwalimu, kama dau. Sasa mbona umeusimamisha? Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, huu ndio wa mtihani."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, lakini jibu lile limenikaa mpaka leo. Yule mtoto alikuwa na miezi miwili kichwani, na ule aliouona kwa macho yake akaupa nafasi ya pili. Mwezi wa kitabuni umechorwa na mtu wa Ulaya, kwenye nyuzi 50 hivi kaskazini, ambako Jua huzama kwa mshazari. Sisi tuko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta. Hapa Jua hushuka karibu wima, na mwezi mchanga unaolifuata unamulikwa kutokea chini, ndiyo maana mara nyingi unauona umelala chali. Michoro yote miwili ni sahihi, kila mmoja kwao. Kosa ni la mwalimu aliyemwacha mtoto aamini kwamba anga la kweli liko kwa wenzetu.

Na walimu tuseme ukweli. Katika muhtasari niliofundishia mimi, mada hii ilikaa kuelekea mwishoni mwa fizikia ya kidato cha nne. Mnajua maana yake. Mtihani wa utamilifu umeshapita, watu wanakimbizana na maswali ya miaka ya nyuma, anga lote linamalizwa kwa vipindi viwili, tena mchana, tena ubaoni. Mwanafunzi anakariri sayari nane kwa mpangilio, basi. Waulizeni Zuhura iko wapi jioni hii, watawatajia umbali wake kutoka kwenye Jua.

Nilipofika kwenye kujaa na kupwa kwa maji nilipata aibu nyingine. Kiingereza kinayaita maji makubwa kwa neno lilelile la majira ya machipuko, na nusu ya darasa wakaandika kwamba maji hayo hutokea Ulaya baada ya theluji kuyeyuka. Hawa ni watoto wa ufukweni, wa Shangani na Msanga Mkuu! Nikafuta ubao, nikaandika neno moja: BAMVUA. Ghafla mikono ikanyooka. Mmoja akasema mama yake huenda kuchokoa pweza siku za bamvua kwa sababu maji yanatoka mpaka mwambani. Nikamuuliza, yanatoka kabisa saa ngapi? Saa nne asubuhi. Mwezi huu? Kila mwezi, mwalimu, bamvua ni saa nne.

Hapo ndipo penye fizikia, na mama mchokoa pweza anayo tayari. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu siku hizo Jua, Dunia na Mwezi vimejipanga kwenye mstari mmoja na mivuto miwili inasaidiana. Sasa ikiwa Mwezi umejipanga na Jua, basi saa ya maji inafungamana na saa ya Jua, na ndiyo sababu maji ya bamvua hupwa kabisa wakati uleule, mwezi baada ya mwezi. Kesho yake Mwezi unachelewa kama dakika 50, na maji yanachelewa naye. Baada ya wiki moja Mwezi ni nusu, Jua linavuta huku na Mwezi kule, tunapata maji mafu, na kupwa kumeshasogea hadi alasiri. Mwambao huu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita tatu. Kipindi kizima hicho kilifundishwa na mtoto wa mvuvi. Mimi nilishika chaki tu.

Wazee wetu hawakusubiri muhtasari. Mabaharia walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jadi wa Waswahili, kwa makumi ya siku, mwongo baada ya mwongo, wajue kaskazi inaingia lini na kusi lini. Wakulima walikuwa na Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana, na jina lenyewe linakwambia kazi yake. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kitazameni mwezi wa tano kinavyopotelea machweo masika yanapoisha, kisha mkingojee alfajiri ya mwezi wa sita. Methali hiyo imebeba habari ya Dunia kulizunguka Jua, kwa lugha ya mtu mwenye jembe.

Halafu tumejaliwa mahali. Huku tunaona karibu anga lote. Tunachokosa ni kipande kidogo cha kaskazini, pamoja na ile nyota ya ncha ambayo vitabu vinaisifu mno; kwetu iko chini ya upeo. Badala yake tuna Msalaba wa Kusini jioni za mwezi wa tano, umesimama upande wa kusini. Na yule Mwindaji, kundi la nyota la Orion, ambaye vitabuni amesimama kishujaa, hapa mwezi wa kumi na mbili anachomoza amelala ubavu, zile nyota tatu za mkanda zikipanda moja juu ya nyingine kama vidaraja vya ngazi.

Nyuma mnanong'ona kwamba hatuna darubini. Shule moja niliyofanyia kazi ilikuwa nayo, ya msaada. Ilifungiwa kabatini, ufunguo ukawa kwa mtu ambaye kila ukimhitaji yuko safarini. Tulipoifungua baada ya miaka, chumvi ya pwani imeshakula skrubu na lenzi imeota ukungu. Sikuililia sana.

Maana kitu kizuri kuliko vyote nilichowahi kuonesha darasa kilikuwa chini ya mkorosho. Tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipatwa, na ile pete ya moto ikapita kusini mwa nchi yetu kuelekea Msumbiji. Sisi wa pwani pete hatukuipata, ila Jua lililiwa sehemu kubwa. Wanafunzi walikuwa wanagombea vioo vya kuchomelea nikawakataza, macho hayana spea. Nikawaambia, tazameni chini. Kila mwanya kati ya majani ulikuwa umetupa mchangani picha ndogo ya Jua lililomegwa. Mamia ya hilali, zinatikisika kila upepo ukipita. Mvulana mmoja alivua shati akalitandaza ili azidake.

Ndugu zetu wa Lindi watanilaumu nisipomtaja mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria. Mifupa yake imesimama Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na umri wake ni kama miaka milioni 150. Mwanafunzi akisikia namba hiyo haimwingii. Mwambie hivi: Jua letu nalo linazunguka kitovu cha Njia Nyeupe, lile kundi kubwa la nyota tulimo, na mzunguko mmoja unachukua zaidi ya miaka milioni 200. Yaani tangu mjusi yule aanguke kwenye tope la Tendaguru, Jua halijamaliza hata mzunguko mmoja.

Sasa fimbo. Jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, na Mtwara mojawapo ni kesho, tarehe 20 Oktoba. Fimbo iliyosimama wima sawasawa itakosa kivuli. Si saa sita kamili. Jua la Mtwara halifuati saa ya Tanzania, kesho litafika juu kama saa sita na dakika 4. Nina mwalimu mwenzangu Dar es Salaam, naye atakuwa na fimbo ya mita moja. Dakika chache baadaye ya kwake itatoa kivuli cha sentimita 6 hivi kuelekea kaskazini. Sentimita 6 kwa mita moja ni pembe ya nyuzi 3.5. Kutoka kwetu kwenda kaskazini moja kwa moja mpaka usawa wa Dar ni kama kilomita 385. Pimeni kwa rula kwenye ramani, barabara itawadanganya kwa kona zake. Nyuzi 3.5 zinaingia katika nyuzi 360 za duara la Dunia mara 103. Zidisheni: mnapata kama kilomita 39,700. Mzingo wa Dunia ni kilomita 40,000. Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki wa kale, alifanya hivyo Misri, kati ya Aswan na Iskandaria, mnamo mwaka 240 kabla ya Kristo, na yeye hakuwa na simu ya kumpigia mwenzake.

Tukutane uwanjani saa sita kasoro dakika kumi. Njooni na timazi ya fundi, maana fimbo ikiinama kidogo hesabu yote inaharibika, na kila mtu avae kofia. Wingu likituzingua tutarudia tarehe 22 Februari, ila safari hiyo msiwahi: itakuwa saa sita na dakika 33.