"Set" na "run": maana nyingi katika maneno mawili mafupi

Walimu wenzangu na wanafunzi wa tafsiri,

Mwanafunzi wangu mmoja alikutana na sentensi ya Kiingereza kuhusu kanga mpya iliyolowekwa, akaandika kwamba rangi zake "zilikimbia". Hakubahatisha, kwani alifungua kamusi akachukua maana ya kwanza ya "run", ilhali sisi tunasema kanga imechuja.

Toleo la pili la kamusi kuu ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika juzuu 20, lilikipa kitenzi "set" maana 430, kwa maelezo ya maneno kama 60,000, marefu kuliko ya neno lingine lolote humo. Kitenzi "run" kilipohaririwa upya, kazi iliyomchukua Peter Gilliver, mhariri wa kamusi hiyo, miezi 9, zikapatikana maana 645, na "set" ikavuliwa taji. Hesabu hizo hazinitishi, maana mtunga kamusi akipenda aweza kuigawa maana moja mara tatu; kinachonivutia ni njia ambayo kila neno limepita.

"Set" imezaliwa na "sit", yaani kukaa, kama "kalisha" ilivyozaliwa na "kaa", isipokuwa Waingereza walibadili irabu ya ndani ilhali sisi huongeza kiambishi mwishoni. Kiini chake basi ni kukiweka kitu kikae mahali pake, na ndiyo maana Mwingereza hutumia neno hilohilo pale sisi tunapoandaa meza, tunapounga mfupa, au tunapotega mtego, na hata saa ya kutuamsha, ambayo nasi kwa bahati huitega. Saruji inaposhika na jua linapotua, neno ni lilelile, ijapokuwa hakuna mtu anayeviweka. Nomino "set" yenye maana ya kundi ina asili nyingine, "secta" ya Kilatini kupitia Kifaransa cha kale, nayo ndiyo seti yetu ya vikombe.

"Run" ilianzia kwenye miguu na maji ya mto, bila kuhitaji mtendwa, yaani anayefanyiwa kitendo, na leo humpokea kwa umbo lilelile. Kiswahili hakiruhusu jambo hilo lipite kimyakimya: gari huenda, dereva huliendesha, na ile "-esha" hutuambia kwamba yuko anayesababisha. Mwingereza hana mkia huo, hivyo duka, kiwanda, treni na programu ya kompyuta vyote huingia chini ya "run", na kwa maoni yangu mashine ndizo zilizoinenepesha zaidi. Kuishiwa na sukari au kugombea ubunge ni matawi ya mbali, ambayo kiambishi chetu hakiyafikii.

Siku hizi, kabla mwanafunzi hajagusa kamusi, namuuliza nani anaendesha na kipi kinaendeshwa. Katika sentensi ya kanga hakuna mwendeshaji. Kuna beseni, maji yaliyogeuka mekundu, na rangi iliyotoka pahali pake.