Sindano ya Mwezi Haina Miezi Kumi na Miwili

Ndugu zangu wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, leo hatujifunzi kutambua ugonjwa wa akili. Wagonjwa wengi wa zahanati zetu wanakuja na cheti tayari, cha hospitali ya wilaya au cha Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma. Kinachotushinda ni kuwafikisha kwenye sindano ya pili, ya tatu na ya kumi.

Tuanze na hesabu. Flufenazini, dawa ya ugonjwa wa akili tunayoiita sindano ya mwezi, wengi huchomwa kila baada ya wiki 4. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo ni sindano 13. Zahanati yenye wagonjwa 40, kila mmoja na ampuli yake ya miligramu 25, inahitaji ampuli 520. Aliyehesabu kwa miezi 12 ya kalenda ameagiza 480, na mwishoni mwa mwaka watu 40 wanaambiwa dawa imekwisha. Kisha daftarini tunawaandika watoro! Nani mtoro hapo?

Dawa yenyewe ni ya mafuta. Bomba na sindano viwe vikavu kabisa, maana maji kidogo tu huifanya iwe na ukungu. Choma msuli wa kalio, robo ya juu upande wa nje, sukuma polepole, usisugue.

Siku chache za mwanzo ndizo za kuogopa. Shingo inapinda, macho yanakwama juu, na nyumbani wanasema mashetani yamepanda. Hapo umempoteza mgonjwa na ukoo mzima. Mwambie aliyemleta kabla hawajaondoka: "Shingo ikipinda ni dawa hiyo, inatibika, mlete hata usiku." Benzeksoli, dawa ya kutibu kupinda huko, isikose kabatini. Vidonge vyake anywe asubuhi; vya jioni vinaweza kumnyima usingizi. Na mvihesabu, kuna wanaovitafuta kwa kulewa.

Mvua zikinyesha, watu wanahamia mashamba ya mbali. Kwa hiyo daftari liwe na mambo matatu zaidi ya jina: nani anamleta, simu inayopokelewa hata kama ni ya jirani, na msimu huu analima wapi. Asipofika, pigeni siku hiyohiyo. Ndani ya siku 7 mhudumu aende mwenyewe, bila mgambo. Ukimpeleka mgambo, tiba imekuwa ukamataji. Mhudumu akifika aombe maji ya kunywa kwanza, lile la "mbona hukuja" lisubiri.